Nyumba ya filamu, nyumba ya hadithi mpya au mtaa wa vitisho: uchague ipi usiku wa Halloween?

Aliyekata tiketi ya Halloween Horror Nights, tukio la usiku la vitisho kwenye bustani ya burudani ya Universal Orlando, Florida, ana hesabu ya kufanya kabla hajafika getini. Nyumba za vitisho ni kumi. Mitaa ya vitisho ni mitano. Milango hufunguliwa saa 12:30 jioni, na siku nyingi shughuli huisha saa 8 usiku, yaani saa saba na nusu kwa jumla. Usiku uliojaa watu, nyumba moja inayotamaniwa inaweza kukuweka foleni dakika 90, hata 120, ili utembee ndani kwa dakika tano hivi. Usiku wa namna hiyo huzimalizi zote kumi, labda uwe umelipia kuruka foleni. Itabidi uchague.

Wengi huchagua kwa jina: filamu wanayoipenda imetengenezewa nyumba, basi wanakimbilia hapo. Wengine, hasa waliozoea tukio hili, huzikwepa nyumba za filamu na kukuambia kwamba utamu uko kwenye hadithi mpya. Wapo pia wanaozunguka mitaani tu, wanashtuliwa bila kupanga foleni hata moja, na wanaondoka wameridhika. Kila kundi lina sababu zake, na sababu hizo ndizo zitakazokusaidia kujua wewe uko wapi.

Tunalinganisha nini

Nyumba ya filamu inakupitisha ndani ya sinema. Mafundi hujenga upya sebule, korido au msitu uliouona kwenye filamu, kwa makubaliano na wenye haki zake, na waigizaji huvaa sura za wahusika. Orlando imewahi kuwa na nyumba ya An American Werewolf in London mwaka 2013, The Shining mwaka 2017 na A Quiet Place mwaka 2024.

Nyumba ya hadithi mpya hutungwa na wabunifu wa bustani yenyewe. Mfano unaotajwa sana na mashabiki ni Dead Man's Pier: Winter's Wake ya mwaka 2022, kijiji cha wavuvi chenye baridi na ukungu ambako waliozama baharini hawakukubali kubaki huko. Jack, yule mchekeshaji wa sarakasi mwenye tabasamu la kuogofya, naye ni mtoto wa Orlando: alibuniwa kwa ajili ya tukio hili mwaka 2000 na hadi leo mashabiki wanamshangilia.

Mtaa wa vitisho ni barabara ya kawaida ya bustani iliyowekewa moshi, taa na waigizaji wanaotembea katikati ya watu. Unapita hapo utake usitake, ukienda kwenye nyumba au ukitafuta maji ya kunywa. Mtindo huu una deni kubwa kwa Knott's Berry Farm, bustani ya burudani ya Buena Park, California, iliyoanza usiku wake wa Halloween mwaka 1973. Universal walianza Florida mwaka 1991 kwa usiku chache tu na nyumba moja.

Kuna pia aina ya katikati: nyumba za majitu ya zamani ya Universal, kama Dracula na jitu la Frankenstein, ambao filamu zao zilitoka mwaka 1931. Wahusika ni wa filamu lakini hadithi mara nyingi ni mpya. Ukikuta nyumba ya namna hiyo, soma maelezo ya aina zote mbili hapa chini, maana ina tabia za pande zote.

Vigezo ni vitano: hofu yenyewe inatoka wapi, unahitaji kujua nini kabla, foleni, pesa, na mwili wako utapokeaje.

Hofu inatoka wapi

Hiki ndicho kigezo kikubwa kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka.

Kwenye nyumba ya filamu unaogopa kwa sababu unajua. Unaujua mlango, unamjua aliye nyuma yake, na unajua alimfanya nini aliyetangulia. Kilichobaki ni lini. Chukua nyumba zilizotengenezwa kwa The Texas Chainsaw Massacre, filamu ya mwaka 1974 ya muuaji mwenye msumeno wa injini. Uko bado vyumba viwili nyuma na tayari unasikia injini inawashwa, inazima, inawashwa tena. Msumeno umetolewa mnyororo wa meno, hauwezi kukata kitu, lakini injini ni ya kweli na harufu ya petroli unaisikia. Aliyeiona filamu miguu inaanza kuwa mizito hapo hapo. Asiyeiona anasikia kelele.

Nyumba ya filamu ina kasoro yake ya kimaumbile pia. Kila chumba kina mwigizaji wake, kwa hiyo muuaji yuleyule atakutokea chumba cha kwanza, cha tatu na cha saba. Akiwa amevaa kinyago, hutajali, kwa sababu kinyago ni kilekile na akili yako inakubali kwamba ni mtu mmoja anayekufuata. Akiwa ni mhusika anayetambulika kwa sura ya mwigizaji maarufu, kazi inakuwa ngumu: kila chumba kinaleta sura tofauti kidogo na uchawi unapungua. Ndiyo maana ninaamini filamu za vinyago na za viumbe hukaa vizuri zaidi ndani ya nyumba hizi kuliko filamu za nyuso. Ile nyumba ya mwaka 2013 ya mtu anayegeuka mbwamwitu bado inasifiwa kwa sababu hiyo hiyo: vichwa vya wale wanyama vilikuwa vikubwa, vikiendeshwa kwa mikono na watu waliojificha, na vilikuja hadi karibu na uso wako.

Kitu kingine: filamu inayotisha polepole, ile ya ukimya na kusubiri, hupoteza mengi ikibanwa katika dakika tano. Filamu yenye sehemu nyingi na matukio mengi hupoteza kidogo. Kabla ya kuchagua, jiulize filamu hiyo inakutisha kwa matukio au kwa subira yake.

Kwenye nyumba ya hadithi mpya unaogopa kwa sababu hujui. Huna orodha ya matukio kichwani ya kutia alama. Hujui kama hatari iko mbele, juu au imejificha katika kitu ulichokwisha kukipita. Wabunifu nao wako huru. Hakuna filamu ya kuheshimu, kwa hiyo wanaweza kukutoa kwenye gati hadi ndani ya meli, na kila chumba kimepangwa kutokana na jinsi mtu anavyotembea. Mtu anayependa kupotea katika dunia ngeni atapata hapa kitu ambacho filamu haiwezi kumpa. Upande wa pili ni kwamba nyumba mpya ikiwa dhaifu, hakuna kumbukumbu ya filamu ya kuibeba. Unatoka ukiwa umeona vyumba vyenye damu na watu wanaopiga kelele, basi.

Mitaani unaogopa kwa sababu umeonekana. Mwigizaji ana eneo zima na ana macho. Anachagua. Anayejificha nyuma ya mwenzake, anayeshika kofia ya sweta kwa mikono miwili, ndiye atakayefuatwa hatua ishirini. Pale Knott's kuna waigizaji wanaokuja mbio kisha wanateleza kwa magoti, wakiwa na vikinga vya magoti na glavu zenye chuma, cheche zinaruka kwenye lami na wanasimama miguuni pako. Nyumba haiwezi kufanya hivyo kwa sababu haina nafasi. Lakini mtaa hauna hadithi ya mwanzo na mwisho, na mtu mtulivu anayetembea akitazama mbele anaweza kuuvuka bila kuguswa na chochote.

Jambo moja linazihusu nyumba zote, za filamu na za hadithi mpya. Watu huingia kwa mstari usiokatika, na mwigizaji aliye nyuma ya ukuta, kwenye uwazi uliofunikwa kwa kitambaa cheusi au nyuma ya picha inayoteleza, anakuona kupitia tundu dogo na kubonyeza swichi inayofyatua taa na sauti. Akimshtua aliye mbele yako, anahitaji muda kidogo wa kurudi kujificha, na wewe unamkuta mgongo. Inauma, hasa ukiwa umesimama foleni muda mrefu. Acha hatua tatu nne kati yako na aliyetangulia, kadiri wafanyakazi watakavyokuruhusu, nawe utapata sehemu yako.

Unahitaji kujua nini kabla

Kwa nyumba ya filamu, iangalie filamu kwanza. Si lazima mfululizo mzima. Nyingi husimama juu ya filamu moja. Vyumba vimejengwa kwa ajili ya wanaokumbuka: rangi ya zulia, mdoli juu ya rafu, maneno ukutani. Ukiingia bila kumbukumbu hizo utapata mishtuko yote, ila nusu ya kazi ya mafundi itakupita.

Kwa nyumba ya hadithi mpya, maandalizi ni mafupi: soma aya iliyo kwenye programu ya simu ya bustani, kisha ukikaribia mlango itazame sura ya nje ya jengo. Hapo ndipo hadithi inapoanzia, na wengi hawaioni kwa sababu wanaangalia simu. Ni nani alikuwa akiishi hapa, nini kimetokea, tunaingia lini katika kisa hicho. Majibu yapo nje. Ndani kuna giza na kelele, na hakuna atakayekusimulia.

Mtaani huhitaji kujua chochote.

Foleni

Nyumba za filamu zenye majina makubwa ndizo hubeba foleni ndefu kuliko zote, tangu usiku wa kwanza. Za hadithi mpya huanza msimu zikiwa nafuu, kisha zile zinazosifiwa hujaa sifa zikienea, kwa hiyo anayekwenda Septemba anaweza kupita kwa wepesi mahali ambapo wa mwisho wa Oktoba atakwama. Mitaa haina foleni kabisa, ingawa ikijaa watu sana mwigizaji hana pa kukimbilia na wewe humwoni hadi awe begani.

Kuna njia za kupunguza. Tukio la Orlando huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha mwanzoni mwa Novemba. Jumatano na Alhamisi za Septemba ni tofauti kabisa na Jumamosi ya Oktoba. Mwenye tiketi ya mchana pamoja na ya tukio anaweza kubaki ndani ya bustani sehemu maalumu na kuanza na baadhi ya nyumba kabla umati wa jioni haujaingia. Kwa anayetaka nyumba za filamu, huo ni msaada mkubwa. Na saa ya mwisho ina faida yake: wengi wamechoka wameondoka, na ukishaingia foleni kabla ya saa 8 kwa kawaida unaruhusiwa kumaliza. Nyumba unayoitamani kuliko zote iweke mwanzo kabisa au mwisho kabisa. Saa 3 hadi saa 5 usiku, foleni zikiwa zimefura, ndiyo saa ya mitaa.

Pesa

Hapa Universal haibagui: tiketi ya tukio, ambayo ni tofauti na ya mchana, inafungua nyumba zote na mitaa yote, na bei yake hupanda kadiri usiku unavyopendwa. Tofauti inakuja kwenye Express, ile tiketi ya kupita foleni fupi. Mara nyingi gharama yake hupita ya tiketi yenyewe. Kwa anayefuata nyumba za filamu usiku wa Jumamosi inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuziona zote. Kwa anayefurahia mitaa na nyumba mbili tatu za hadithi mpya, ni pesa ya bure. Ziara za kuongozwa zipo pia, ghali zaidi, zikimfaa anayetaka kupelekwa bila kufikiri foleni.

Usichukulie kwamba kila bustani iko hivyo. Katika bustani nyingi za kampuni ya Six Flags, kwenye Fright Fest, tukio lao la Halloween, mitaa imo ndani ya kiingilio lakini nyumba hulipiwa zaidi. Huko mtaa ndio chaguo la bei nafuu kweli.

Mwili wako

Nyumba, za aina zote mbili, ni finyu na zenye giza, na zimejaa moshi wa mashine, taa za kumetameta na sauti kubwa ya ghafla. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, mwenye shida ya moyo na mjamzito wachukue maonyo ya mlangoni kwa uzito wake. Ukizidiwa, mwambie mfanyakazi wa karibu. Kuna milango ya dharura na watakutoa. Waigizaji wa Universal hawamgusi mgeni, wala mgeni haruhusiwi kuwagusa.

Za filamu huelekea kuwa na damu nyingi kama filamu yenyewe ilikuwa hivyo, kwa hiyo una namna ya kujua mapema. Hiyo ni faida ambayo haitajwi vya kutosha: mtu anayechukia aina fulani ya ukatili anaweza kuikwepa kwa kusoma jina tu. Nyumba ya hadithi mpya inakuhitaji uulize. Harufu ziko pande zote mbili, na harufu ya kitu kilichooza ndani ya chumba kisicho na hewa huwashinda hata wasioogopa kitu kingine chochote.

Mtaani una anga juu yako na nafasi ya kukwepa. Kelele za misumeno ni kubwa, lakini unaweza kuvuka upande wa pili au kugeuka. Mvua, ambayo Florida haikosi majira hayo, huwaondoa waigizaji wa mitaani kwa muda, nyumba huendelea. Picha pia: ndani ya nyumba hairuhusiwi kupiga wala kurekodi, mtaani unaweza, na waigizaji wengi hukaa sawa kwa kamera kabla ya kukurukia. Wewe mwenyewe usije na vazi la Halloween wala kinyago, Universal hawakubali.

Kwa hali yako

Kama kuna filamu moja uliyokua nayo, ambayo hadi leo ukiisikia muziki wake unageuka nyuma, na mwaka huu ina nyumba, nenda. Panga usiku mzima kuizunguka nyumba hiyo: itazame tena wiki hiyo, ingia mapema, na kama una uwezo wa Express, hapa ndipo mahali pake. Furaha ya kusimama ndani ya chumba ulichokijua kwa miaka mingi kupitia kioo tu haipatikani penginepo.

Umeona filamu nyingi za kutisha na hakuna inayokutikisa tena? Anza na hadithi mpya. Kujua kwako kanuni zote za filamu kunakulinda ndani ya nyumba ya filamu. Kwenye hadithi mpya kinga hiyo inapungua. Nenda mapema katika msimu, kabla hujasikia wengine wakisimulia kilichoko chumba cha nne.

Kundi la marafiki ambalo wawili wanapenda hofu na watatu wamekuja kwa ajili ya wenzao litagombana kwenye foleni ya dakika 90. Kundi hilo lianze mtaani. Ndani ya nusu saa itajulikana nani anataka zaidi na nani ametosheka, kisha wanaotaka waingie nyumba ya filamu ambayo angalau wengi wao wanaijua. Wanaobaki wana bembea na michezo mingine inayoendelea usiku huo.

Hujawahi kuingia nyumba ya vitisho maisha yako yote: mtaa kwanza, halafu nyumba ya filamu uliyoiona, hata kama si uipendayo. Kujua kinachokuja kunampa mgeni kitu cha kushikilia. Hadithi mpya itakusubiri.

Una mtoto chini ya miaka 13? Universal wenyewe hawashauri aje, na mimi nakubaliana nao kwa moyo wote. Mitaa nayo si kimbilio kwa mtoto, kwa sababu haina mlango wa kukataa kuingia. Disney hufanya sherehe ya Halloween ya jioni kwenye bustani yao ya Magic Kingdom tangu mwaka 1995, yenye peremende, gwaride na mavazi, na imetengenezwa kwa ajili yake.

Aliye California anaweza kupata nyumba za filamu pale Universal Studios Hollywood, ambako miaka ya karibuni kuna nane, pamoja na safari ya Terror Tram inayokushusha utembee kwa miguu usiku katika seti za nje za studio, ukipita nyumba ya Psycho, filamu ya mwaka 1960. Hiyo haikujengwa upya kwa ajili ya Halloween. Ipo hapo studio mwaka mzima. Anayetaka mitaa na ukungu aende Knott's, na akiwa na jioni mbili afanye yote.

Na kama likizo yako haiangukii msimu wa Halloween, Universal walifungua Horror Unleashed mjini Las Vegas mwezi Agosti 2025, inayofanya kazi mwaka mzima ikiwa na nyumba nne. The Texas Chainsaw Massacre imo, na Scarecrow: The Reaping, ambayo asili yake ni hadithi ya Orlando, imo pia. Ukiingia hizo mbili jioni moja, utajua mwenyewe ni hofu ipi inayokukaa.